Maziwa Yana Baba

Majina yao wote ninayo. Jina la mkunga aliyenipokea, la mama yake, la mtaa alikozaliwa, hata la mbuzi wake aliyekula mkeka wa msikitini. Ukiniuliza nitakutajia nikiwa nimelala. Lakini hapa siyaandiki, kwa kuwa watu wale wana wajukuu na wajukuu wana masikio. Skuli sikupelekwa. Nilisomeshwa Kurani nikahitimu, na herufi hizi za kizungu nilijifunza mtu mzima, kwa hiyo msomaji akiona nimekwenda upande anisamehe.

Nataka kumsimulia Shehe wetu wa Msambweni, na mwaka nilioposwa na mwanawe.

Wakati huo, miaka ya hamsini, tangu Diani mpaka Vanga mtu akikwama katika jambo la dini aliambiwa, "Nenda kwa Shehe." Wakija wa Funzi, wakija wa Wasini, wakija Wadigo wa huko juu Kwale na kuku mkononi. Kuku walirudi nao. Shehe hakupokea kitu cha mtu mwenye swali. Alisema mkono uliopokea hauandiki sawa. Alikula kwa mpunga wake. Alikuwa na jaruba mbili bondeni, na kila siku baada ya sala ya alfajiri alishuka na jembe, kanzu ameikunja kiunoni, tope mpaka magotini. Mgeni aliyetoka mbali akitafuta mwanachuoni mkubwa alimpita pale pale akamwuliza, "Mzee, Shehe nitampata wapi?" Naye alimjibu, "Atakuwa nyumbani saa nne, nenda upewe kahawa." Mgeni akienda, akanywa kahawa, na saa nne akamwona mzee wa tope anaingia amekoga. Wengine waliona haya hata swali likawapotea.

Alikuwa mkali wa maneno lakini si mkali wa sauti. Na kila Jumatatu baada ya alasiri alisomesha wanawake. Yeye alikaa sebuleni na kitabu, sisi tulikaa uani nyuma ya pazia la kitambaa cha buluu, kila mmoja na ukili wake wa mkeka anasuka. Alisoma Kiarabu, kisha akafasiri, kisha akauliza, "Imeingia?" Tukikaa kimya alirudia. Akina mama wengine walinyamaza makusudi ili wamalize ukili.

Mwanawe niliyeposwa naye alikuwa wa mke mdogo. Shehe alikuwa na wake wawili. Mke mkubwa alikaa miaka mingi bila mtoto, kisha uzeeni akajaliwa mtoto wa kike, na mtoto yule hakufika mwaka. Bi mkubwa mwenyewe alifariki mimi nikiwa na miaka mitano hivi. Huyo kijana nilimwona mara moja tu kwa macho yangu wazi, siku ya maulidi, amebeba sinia la halua kichwani na anacheka na mtu. Sikuwa nimewahi kuona meno mazuri vile. Posa ilipokuja bibi yangu aliniuliza, "Unasemaje?" Nikainama. Bibi akawaambia wajumbe, "Ameinama. Huyu huyu ambaye siku zote hanyamazi."

Basi ikakubaliwa, na siku ikawekwa, baada ya mavuno ya mpunga. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyeishika harusi ile kama ni yake. Alikwishakata leso, alikwishasuka jamvi la kukalia bibi harusi, alikwishagombana na wapiga ngoma. Mimi nilianza kufukizwa udi.

Jumatatu moja, zimebaki wiki tatu, tukaenda darasani kama kawaida. Shehe alikuwa akisoma kitabu kwa mpangilio, mlango baada ya mlango, na siku ile alifika mlango wa kunyonyesha. Hakuuchagua. Wiki iliyotangulia ilikuwa eda, na baada ya eda ndiyo kunyonya.

Akafasiri kwamba mtoto asiyefika miaka miwili, akinyonya kwa mwanamke mara tano, kila mara akashiba akaacha mwenyewe, basi mwanamke yule ni mama yake, na watoto wa mwanamke yule ni ndugu zake, hawaoani. Hilo sote tulilijua. Hata watoto wadogo wa chuo cha Kurani walilijua. Ukili ukaendelea kusukwa.

Kisha akasema, "Na mume wa mwanamke yule ni baba yake. Maziwa yana baba. Kwa hiyo watoto wa mume huyo kwa mke mwingine, japo wamenyonya titi lingine, nao ni ndugu zake. Hawaoani. Imeingia?"

Bibi yangu alikuwa karibu na mimi. Niliuona mkono wake umesimama, ukili umemponyoka vidoleni. Alinitazama, akatazama pazia.

"Imeingia?" akauliza Shehe tena.

"Imeingia," akasema bibi, kwa sauti si yake.

Jambo lenyewe halikuwa siri, ndilo linaloniwia gumu mpaka leo kuwafahamisha watu. Nilipozaliwa, mama yangu alishikwa na homa ya uzazi siku ya kumi na mbili, hata maziwa yakakauka na akili ikawa haipo. Mke mkubwa wa Shehe alikuwa akinyonyesha mtoto wake, yule aliyefariki. Nikachukuliwa nikapelekwa kwake. Kila mtu mtaani alijua. Nilipokuwa mdogo nikilia sana waliniambia, "Hicho kilio umekinyonya kwa bi mkubwa." Lakini kijana aliponiposa hakuna hata mmoja aliyeshtuka, kwa sababu kwa hesabu ya wanawake wetu titi lile halikuwa titi hili. Mama yake ni mwingine, basi. Na mama yake, mke mdogo, miezi ile alikuwa kwao Wasini, hakuona kitu. Na Shehe mwenyewe alikuwa Makka. Hija ya zamani mtu akienda alisahaulika. Aliporudi alikuta mtoto wake yu mgonjwa, na mazungumzo ya nyumba yakawa hayo. Nani angekaa amweleze kwamba mtoto wa jirani naye alinyonya?

Tulirudi nyumbani. Kufika, bibi akavua buibui, akaketi kinuni.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Labda nimesikia vibaya. Masikio yangu mazee."

Nikasema, "Labda." Na moyoni niliomba iwe hivyo, nikijua sivyo.

Siku mbili akili ya bibi haikuwa nyumbani. Alipika akaunguza. Shangazi akaja na leso zake akamwonyesha, yeye akasema "nzuri" bila kutazama. Siku ya tatu asubuhi akaniambia, "Chukua jamvi, twende bondeni." Nikafahamu. Ningeweza kumwambia, bibi, tunyamaze. Mdomo ulikuwa tayari. Ulinishinda kwa kuwa yeye alikuwa ameshatangulia mlangoni, na mtu mzima aliyekwisha kutangulia huwezi kumwita kwa neno kama lile.

Shehe alikuwa jarubani anapalilia. Bibi akasimama ukingoni.

"Shehe, asalaam alaikum. Nina swali."

"Waalaikum salaam, dada yangu. La kwako au la mtu?"

"La mtu."

"Mtu mwenyewe yu hai?"

"Yu hai. Yuko nyuma yangu amebeba jamvi."

Shehe akainua kichwa. Bibi akaeleza yote kwa maneno machache, akiangalia mpunga. Nami nimejifunika uso, nimejibanza nyuma yake. Nililiona jembe tu. Halikwenda tena.

"Mwaka gani?" akauliza.

"Mwaka uliokuwa Makka."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi si hesabu, dada."

"Kuhesabu sikuhesabu, Shehe. Nani anahesabu mtoto anaponyonya? Lakini najua siku zilizopita."

Jembe likawekwa ukingoni. Kisha akasema, "Hili sina jawabu lake. Mimi ni baba wa bwana harusi. Nitamwita wa kulijibu." Akatoka jarubani, akaosha miguu mferejini, akaenda zake. Ile palizi aliiacha nusu, na jirani wa jaruba alisema baadaye ndiyo mara ya kwanza.

Neno likaenea kabla ya adhuhuri. Wazee wawili walikuja kutoka Diani, watu wa heshima, kumshauri. Nilisimuliwa na mke mdogo mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya mlango na kahawa. Wakamwambia watu wamekwishaalikwa hadi Vanga, na elimu ni bahari, haikosi pa kupitia. Mmoja akasema, "Wewe usipojua pa kutokea, nani atajua?"

Shehe akamjibu, "Miaka sita iliyopita alinijia mtu wa Funzi na mkewe, wana watoto wawili, na kisa chao ni hiki hiki. Niliwatenganisha. Yule bwana mpaka leo akiniona anahama njia. Mimi nikipata pa kutokea leo, yeye nitamwambia nini? Kwamba siku ile sikutafuta sana?"

Wale wazee wakanywa kahawa yao wakaondoka.

Aliyeitwa alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, anakaa Vanga, wakati ule mtu wa miaka thelathini na tano, ndevu nzuri. Alitembea kipande, akapata lori kipande, akafika vumbi tupu. Siku ya pili yake baada ya alasiri tukakusanyika kwa Shehe. Wanaume sebuleni na barazani, wanawake uani, pazia limeshushwa.

Pazia lile lilikuwa na tundu, wanawake wote tulilijua, na siku ile lilikuwa upande wangu. Nikaona Shehe anainuka kwenye msala wake, pale anapokaa siku zote, na kumwonyesha mwanafunzi akae. Yule akarudi nyuma.

"Maalim, miguu yangu haiwezi kufika hapo."

"Basi iache nje miguu, wewe ukae."

Watu wakacheka kidogo, akakaa. Shehe akaenda kuketi chini karibu na mlango, kwenye viatu, mahali walipokuwa wakikaa watu wenye kesi zao. Mzee mmoja alisema, "Aa, Shehe, hapo pana upepo." Akasema, "Hapa ndipo pangu leo."

Mwanafunzi akaeleza kwamba ushahidi wa kunyonya wakitoa wanawake peke yao hutakiwa wanne. Wanne walikuwapo. Bibi yangu. Mkunga. Jirani yetu wa ukuta mmoja. Na shangazi. Mama yangu alisema mwenyewe, "Mimi msiniulize, nilikuwa kwingine." 

Bibi akashuhudia. Mkunga akashuhudia. Jirani akashuhudia kwa kirefu, hata akaingiza habari ya bata wake walioibiwa wiki ile, akaombwa afupishe. Wote watatu walisema homa ilianza Jumatatu, mama akapata nafuu Ijumaa, na mtoto alipelekwa asubuhi na jioni, wakaniona nanyonya.

Amebaki shangazi. Na shangazi ndiye aliyenibeba mara nyingi kuliko wote.

Yule mwanachuoni wa Vanga alikuwa mpole, na alimpenda mwalimu wake. Nilimwona anamtupia jicho. Kisha akasema kuelekea pazia, polepole, "Mama yangu, sikiliza vizuri. Inatakiwa mara tano kamili, na kila mara mtoto awe ameacha mwenyewe. Miaka mingi imepita. Ukiwa na shaka kama zilitimia tano au hazikutimia, sema una shaka. Shaka si dhambi. Na penye shaka hakuna kinachoharamishwa."

Kila mtu alielewa. Pale palikuwa na njia, tena ya halali, haikuvunja kitabu. Neno moja tu la shangazi. Leso zilikatwa, jamvi lilikwisha. Nikamgeukia. Nasema kweli kwa kuwa nimekuwa mzee na sina wa kumficha: nilitaka aseme ana shaka. Nilimtazama kwa macho yangu yote mawili aseme. Naye alinitazama, machozi yamemlenga, kisha akakasirika, kama alivyokuwa akikasirika siku zote akiguswa.

"Mtoto aliacha mwenyewe au aliachishwa?" akauliza yule mwanachuoni.

"Mtoto wa siku kumi na mbili ulitaka aseme alhamdulillahi, nimeshiba?" akasema shangazi. "Aliacha, akalala, akatoa povu puani. Nilimpeleka mimi Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi mimi, jioni jirani huyu. Jumatano asubuhi mimi, nikanyeshewa, nikamfunika kwa leso yangu. Jioni mimi. Alhamisi mimi. Kila mara nilikaa pale nikangoja, maana bi mkubwa alikuwa mtu wa hadithi, hakuachii uende."

"Huna shaka?"

"Shaka ningeitaka, bwana. Sina." Kisha akaongeza, "Na mngeniuliza kabla sijaenda kwa wapiga ngoma."

Hakuna aliyecheka. Yule mwanachuoni akainamisha kichwa, akahukumu kwamba sisi ni ndugu wa kunyonya na ndoa haipo. Shehe akasema, "Nimesikia na nimekubali," akainuka peke yake akatoka nje. Mwanawe alikuwa kwenye kiambaza cha msikiti anangoja. Hakutuma mtu, alikwenda kumwambia mwenyewe. Walisema wenzake kwamba walisimama pale muda, na Shehe ndiye aliyemshika mwanawe mkono, si kinyume chake.

Aliporudi watu walikuwa hawajatawanyika. Akaja mpaka kwenye pazia.

"Mwanangu," akasema.

Nikadhani anamwita mtu mwingine. Bibi akanisukuma bega.

"Labeka, Shehe."

"Si Shehe. Fungua pazia."

Nikalifungua. Tangu nivunje ungo hakuwa ameniona uso, nami nilizoea kumwona kwa tundu. Nilikuwa nimelia, kamasi zimenitoka, sina hata pa kujifutia. Akanitazama kama mtu anayetafuta sura ya mtu mwingine ndani ya sura, nadhani alimtafuta marehemu mkewe.

"Umeposwa upate mume, sasa umepata baba," akasema. "Najua hayalingani. Lakini hiki ndicho kilichopo, na ni haki yako, wala si zawadi yangu. Usinifunikie uso tena."

Mitaani walisema mengi. Wasichana wenzangu waliniita "bibi harusi wa kaka yake," na nikigeuka wanacheka. Kuna waliosema Shehe ana kiburi, amemvunjia mwanawe harusi ili aonekane. Lakini mwezi ule ule alikuja mtu wa Funzi, yule wa kuhama njia. Hakuwa na swali. Aliketi barazani, akapewa kahawa, akanywa vikombe viwili, akasema mvua mwaka huu itachelewa. Shehe akasema huenda. Akaaga. Mke mdogo aliniambia kwamba Shehe alikaa pale na kikombe kile kitupu mpaka adhana ya magharibi.

Mimi nilikaa ndani. Nikiambiwa niende nyumbani kwa Shehe kusalimu, nilisema tumbo linaniuma. Kumwita baba niliweza. Nilishindwa kumwita kaka yule mwanawe. Nikimsikia sauti njiani nilikimbilia uani, nikajifungia na kinu. Bibi aliniacha. Alisema tu, "Hukumu inatolewa siku moja. Kuizoea ni kwa siku zake."

Ikaja Idi. Asubuhi, watu wametoka kuswali, nikasikia hodi, na kabla sijakimbia bibi alikwishamkaribisha. Alikuwa yeye, kanzu nyeupe, na sahani ya kaimati kutoka kwa mama yake. Bibi akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Mletee kaka yako chai." Kisha yeye mwenyewe akatoka, akajifanya anawafuata kuku.

Nikajitanda buibui langu, hata uso nikafunika, nikaleta chai. Nikaiweka mbele yake. Nikasema, "Kaka, shikamoo." Ndiyo mara ya kwanza neno lile kutoka kinywani mwangu kwa ajili yake, na lilikuwa zito kama nimebeba gunia.

"Marahaba." Naye hakuniangalia. Akanywa. Akakaa nayo mdomoni, akaimeza kwa shida.

"Dada," akasema.

"Labeka."

"Chai haina sukari."

Niliruka nikaenda jikoni, nikarudi na kopo zima la sukari, nikalitua mbele yake bila kijiko. Akalitazama lile kopo, akanitazama mimi, akacheka, na meno yale yakaonekana. Nami nikacheka, nikalia, sijui kipi kilianza. Nikafunua uso, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa ni haki yangu, nikaketi mkabala wake, tukala kaimati mpaka zikaisha.